Bekapu: utumie iliyokuja na kompyuta au utafute ya nje?

Mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari hapa Morogoro aliingia dukani kwangu Jumatatu asubuhi, laptopu ameikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa inatoa mlio: kat, kat, kat, kimya kidogo, halafu kat tena. Fundi yeyote anaujua mlio huo. Kichwa cha kusomea kilichomo ndani ya diski kinatafuta pa kushika na hakipati.

"Fundi, Windows ikifa mimi sijali, weka nyingine," akasema. "Vitu vyangu vyote viko D."

Hayo alifundishwa na fundi aliyemwekea Windows, na sisi mafundi wengi tumewafundisha wateja hivyohivyo kwa miaka. Diski inagawanywa vyumba viwili, C ya mfumo na D ya mafaili, ili siku ya kufomati C, D isiguswe. Kwa Windows iliyoharibika ushauri huo ni sawa kabisa. Lakini C na D ni vyumba vya nyumba moja, na hapa nyumba yenyewe ilikuwa imeungua.

Nikamwuliza, "Mwalimu, bekapu unayo?"

"Ninayo, tena ya Windows yenyewe." Akatoa eksteno, yaani diski ya nje, kwenye mkoba. Hakukosea: File History ilikuwa imewashwa na ilikuwa ikihifadhi kila saa. Tukaifungua kwenye kompyuta yangu. Desktop ipo, Documents ipo, picha za mahafali zipo zote. Folda ya MATOKEO, yenye alama za miaka mitatu, haikuwamo. Ilikuwa D, na File History haiendi D mpaka uielekeze.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama atumie bekapu iliyokuja na kompyuta au ashushe programu nyingine, simjibu kwa jina la programu. Namwuliza kwanza anaogopa kupoteza nini, na siku akikipoteza anataka kukirudisha vipi. Ukishajibu hayo mawili, kuchagua hakukusumbui tena.

Kupoteza kwa namna mbalimbali

Kuna kupoteza faili moja: umelifuta, au umefungua ripoti ya mwezi jana, ukaandika ya mwezi huu juu yake na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kuna Windows kugoma kuwaka huku diski ikiwa nzima. Kuna diski kufa, kama ya mwalimu. Kuna kompyuta kuibiwa au nyumba kuingiliwa na maji, na hapo hata eksteno iliyokuwa kwenye droo ya meza hiyohiyo imekwenda. Halafu kuna virusi vya kudai fidia, vinavyofunga mafaili yote kwa ufunguo usio nao.

Hakuna programu moja iliyo bora kwa yote hayo. Bekapu za ndani, yaani zilizokuja na kompyuta, hasa za Windows, ni hodari kwa kupoteza kwa aina ya kwanza. Za nje, yaani programu unazoshusha mwenyewe, ni hodari Windows inapogoma na diski inapokufa. Wizi na maji havitibiwi na programu yoyote. Tiba yake ni mahali unapoweka diski ya bekapu. Kwa virusi, mengi yanategemea kama diski hiyo ilikuwa imechomekwa siku vilipoingia.

Windows ina bekapu tatu, na kila moja ina kazi yake

Watu husema "bekapu ya Windows" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu vilivyokuja kwa nyakati tofauti, na havijuani sana.

Cha kwanza ni File History, kilichokuja na Windows 8 mwaka 2012. Usipobadilisha mipangilio, kila saa moja kinaangalia folda za mtumiaji, yaani Desktop, Documents, Pictures, Music, Videos na chache nyingine, kisha kinanakili lililobadilika kwenda kwenye diski ya nje. Matoleo ya zamani yanabaki. Ninachokipendea ni kwamba nakala zake ni mafaili ya kawaida tu. Ukiichomeka eksteno hiyo kwenye kompyuta ya jirani isiyo na programu yoyote maalumu, unafungua folda na kuliona faili lako, limeongezewa tarehe na saa kwenye jina. Mtu aliyepaniki, aliyeazima laptopu ya mwenzake nusu saa kabla ya kikao, hahitaji kujifunza kitu. Sifa hii naipa uzito mkubwa kuliko wanavyoipa wengi.

Udhaifu wake mkubwa ni uleule uliomponza mwalimu. Kwetu karibu kila laptopu iliyopita kwa fundi ina C na D, na tumezoea kuweka kazi D. File History inafuata folda za mtumiaji na zile zilizoingizwa kwenye Library (makundi ya folda ya Windows, kama Documents na Pictures), basi. Kwenye Windows 10 kulikuwa na ukurasa wa mipangilio wa kuongeza folda nyingine. Kwenye Windows 11 ukurasa huo umeondolewa, na File History yenyewe imebaki ndani ya Control Panel ambako wengi hawafiki. Njia iliyobaki ni kubofya kulia folda yako ya D na kuiingiza kwenye Library mojawapo. Ni kazi ya dakika moja, ila lazima uijue.

Jambo la pili ni nafasi. File History hunakili faili zima kila linapobadilika, hata kama umebadilisha mstari mmoja. Kwa barua na tasnifu si neno. Lakini chukua duka lenye faili la hesabu la GB 2: likibadilika na kunakiliwa mara nane kwa siku, GB 16 zimekwenda siku hiyo, na diski ya GB 500 itajaa kabla mwezi haujaisha au mara tu baada ya hapo. Na kwa kuwa mpangilio wa mwanzo ni kutunza matoleo yote milele, diski ikijaa bekapu inasimama. Badilisha mpangilio huo uwe wa kufuta ya zamani nafasi inapohitajika. Nimeona eksteno zilizoacha kuhifadhi miezi mingi nyuma, na mwenyewe bado ana imani nazo.

Cha pili ni Backup and Restore, ambacho hata ndani ya Windows 11 bado kinaandikwa kwa jina la Windows 7. Hiki ndicho kinachoweza kuhifadhi diski nzima, mfumo, programu na mafaili kwa pamoja, na kina hata ratiba. Wengine huishia hapo na kusema, basi, ya nje ya nini? Microsoft wenyewe walikwisha kujibu: mwaka 2017, lilipotoka toleo la 1709 la Windows 10, waliiorodhesha nakala ya mfumo mzima kuwa kipengele walichoacha kukiendeleza, wakashauri watu watumie programu za kuhifadhi diski nzima za watengenezaji wengine. Bado kipo na kinafanya kazi, lakini sioni busara ya kuegemeza ofisi juu ya kitu ambacho mwenyewe amekiacha.

Tena kina sharti linalotugusa sana huku kwetu. Ukirejesha nakala hiyo, diski mpya lazima iwe na ukubwa uleule wa diski ya zamani au zaidi. Laptopu nyingi tunazouziana ni zilizotumika, na kazi inayoongoza hapa dukani ni kutoa diski ya kuzunguka ya GB 500 au TB 1 na kuweka SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256 ili mashine iwe nyepesi. Mafaili na mfumo vinaweza kuwa GB 90 tu, lakini bekapu ya Windows itakataa, maana inaangalia ukubwa wa diski badala ya kiasi cha vitu vilivyomo. Programu nyingi za nje hukuruhusu kupunguza sehemu za diski wakati wa kurejesha. Kwa fundi, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kwenda nje.

Cha tatu ni Windows Backup, kilichokuja mwaka 2023, ambacho ndicho Windows inakusukumia siku hizi, hasa tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipofikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kinapeleka folda zako kuu, mipangilio na orodha ya programu zako kwenye akaunti ya Microsoft. Programu zenyewe hakizibebi, wala hakikupi diski nzima ya kurejesha. Nafasi ya bure kwenye OneDrive ni GB 5, ambazo kwa mwenye picha za simu ndani ya Pictures zinaisha siku ya kwanza. Na OneDrive ni kioo: ukifuta faili hapa, na kule linafutika, ingawa linakaa kwenye pipa la taka kwa siku 30. Kwa mwanafunzi mwenye tasnifu ya MB 12 hiyo inatosha na inamwokoa kweli. Kwa studio ya picha haitoshi hata kidogo.

Unapata nini kwa programu ya nje

Ninayoiweka mara nyingi kwenye Windows ni Veeam Agent katika toleo lake la bure. Inachukua diski nzima pamoja na hiyo D, haikuulizi faili liko wapi. Mara ya kwanza inanakili kila kitu. Baada ya hapo inachukua vipande vilivyobadilika tu. Lile faili la hesabu la GB 2 likibadilika kidogo, kinachoongezeka kwenye eksteno ni hicho kidogo. Inakutengenezea flashi ya kuwashia kompyuta, ili Windows ikigoma uwake kwa flashi, uchomeke eksteno, na urudishe mashine kama ilivyokuwa Ijumaa, pamoja na printa, programu ya hesabu na leseni zake. Anayejua maana ya kuweka upya programu kumi na mbili za ofisi, nyingine CD yake ilishapotea, atathamini hilo.

Ina vipengele viwili vidogo ninavyovipenda: unaweza kuiagiza ianze kuhifadhi mara tu eksteno inapochomekwa, na iitoe yenyewe ikimaliza. Kwa hiyo mama wa duka la dawa hahitaji kukumbuka kubonyeza chochote. Ijumaa jioni anachomeka waya, anafunga hesabu ya siku, anachomoa, anaondoka nayo.

Zipo nyingine: Macrium Reflect, EaseUS Todo Backup, AOMEI Backupper, Acronis True Image. Kwa wanaopenda programu huria zipo Duplicati, Kopia na restic, ambazo zinahifadhi mafaili yakiwa yamefungwa kwa neno la siri na zinaweza kuyapeleka sehemu mbalimbali. Restic inataka mtu asiyeogopa kuandika amri. Sitazichambua zote. Nitasema yanayozihusu karibu zote, maana huko ndiko watu wanakoumia.

La kwanza, nakala zake zina umbo lake. Veeam hutengeneza faili kubwa lenye mwisho wa .vbk, Macrium .mrimg (toleo jipya .mrimgx), Acronis .tibx. Huwezi kubofya ukaona barua zako. Unahitaji programu ileile. Siku ya tatizo, ukiwa na kompyuta ya kuazima na bando limebaki MB 200, kushusha programu ya kufungulia inakuwa mtihani. Kwa hiyo kisakinishi kiweke kwenye eksteno hiyohiyo, kando ya bekapu.

La pili, nyongeza, yaani vile vipande vilivyobadilika, zinaegemeana. Nakala kamili ni msingi, na kila nyongeza inasimama juu ya iliyotangulia. Hili nililijua kwa machungu. Eksteno yangu ya kazi ilijaa, nikaona mafaili makubwa yenye majina ya namba, nikafuta lile la zamani kuliko yote ili nipate nafasi. Ndilo lililokuwa msingi. Nilipohitaji kurejesha wiki chache baadaye, nyongeza zote zilikuwepo na hakuna hata moja iliyofunguka. Kazi za wateja wawili zilipotea, na mmoja wao sikuwa na la kumwambia zaidi ya samahani. Usifute kwa mkono. Iambie programu itunze nakala za siku ngapi, na iache ifute yenyewe.

La tatu, kampuni hubadilisha mawazo. CrashPlan walitangaza Agosti 2017 kwamba huduma yao ya nyumbani inafungwa, na Oktoba 2018 ikawa imefungwa. Macrium Reflect ya bure, ambayo mafundi wengi tulikuwa tunaiweka bila kufikiri mara mbili, ilifikia mwisho wa msaada tarehe 1 Januari 2024. Hakuna aliyepoteza faili siku hiyohiyo, ila kila mmoja alilazimika kuhama. Pia baadhi ya matoleo ya bure hukuruhusu kuhifadhi kwa raha zako, kisha unapotaka kuhamishia mfumo kwenye diski nyingine linatokea dirisha la malipo. Jaribu kipengele unachokitaka kabla hujakihitaji. Na kama ni ofisi, soma sharti la leseni, kwa sababu mengi ya matoleo ya bure yameruhusiwa kwa matumizi binafsi tu.

La nne nalisema kwa msisitizo: usitumie programu ya bekapu iliyochakachuliwa. Kila siku naletewa flashi yenye toleo la kulipia "limeshafunguliwa". Programu ya bekapu unaipa ruhusa ya juu kabisa. Inasoma kila faili, kila neno la siri lililohifadhiwa, kila picha. Kumpa mtu usiyemjua ruhusa hiyo ni kumkabidhi funguo za nyumba. File History isiyo na makeke ni bora mara mia.

Kufunga bekapu kwa neno la siri

Eksteno yenye File History akiiokota mtu, anafungua na kusoma. Windows inaweza kuifunga kwa BitLocker, kufuli lake la diski, ila kuweka kifungo hicho kwenye diski ya nje kunahitaji Windows Pro, na laptopu nyingi za nyumbani zina Home. Programu za nje nyingi zina neno la siri ndani yake, na hapa ndipo nazipa ushindi bila kusita kwa zahanati, shule, saccos na wakili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na eksteno iliyosahauliwa kwenye daladala ikiwa na majina ya wagonjwa si jambo dogo tena.

Neno la siri la bekapu liandike kwenye karatasi na uiweke mahali pengine. Ukilisahau, hakuna fundi wa kukusaidia. Na wakati uko hapo, angalia kama diski ya ndani ya laptopu yako imefungwa na BitLocker. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 hujifunga zenyewe ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wake wa kufungulia una tarakimu 48. Uandike leo, kwa sababu baada ya kubadilisha vifaa au kurejesha mfumo kompyuta inaweza kukuomba.

Eksteno au mtandaoni

Backblaze, kwa mfano, tangu 2023 inatoza dola 99 kwa mwaka kwa kompyuta moja bila kikomo cha ukubwa. Kwa aliye Muscat au Toronto mwenye waya wa faiba nyumbani, bei hiyo ni nzuri na inamwondolea hofu ya wizi na moto. Kwa wengi wetu hesabu ni nyingine. GB 200 kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde zinachukua takriban saa 89, karibu siku nne, mchana na usiku, umeme usikatike. Eksteno ya USB 3 inayoandika MB 100 kwa sekunde inamaliza hizohizo kama nusu saa hivi, au zaidi kidogo ukiwa na mafaili mengi madogo. Bado hujahesabu bando.

Kwa hiyo ninavyopanga mimi ni kugawa: vilivyo vidogo na visivyopatikana tena, yaani tasnifu, hesabu, mikataba, picha chache za familia, viende mtandaoni kwenye nafasi ya bure, vilivyo vikubwa viende kwenye diski mbili, na moja isilale nyumba moja na kompyuta. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya nakala tatu, aina mbili za vifaa, na moja nje ya jengo. Aliifikiria kwa ajili ya wapigapicha wenzake, na wapigapicha wa harusi wa hapa mjini ndio ninaowasumbua nayo zaidi, kwa sababu harusi hairudiwi.

Virusi vya kudai fidia

WannaCry ya Mei 2017 haikufunga mafaili tu. Ilifuta pia nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea ndani. Chochote kilichochomekwa na kinachoandikika kinaweza kufungwa, na eksteno ya File History, ambayo kwa asili yake inataka ikae imechomekwa siku nzima, imo. Hapa za ndani na za nje ziko karibu sawa. Kinachotofautisha ni kuchomoa. Programu inayoitoa diski ikimaliza inakusaidia kidogo, ila mkono wako ndio wa uhakika. Kuwa na diski mbili za kupokezana, moja wiki hii na nyingine wiki ijayo, kunakulinda zaidi ya jina la programu yoyote.

Mac na Linux

Kwa Mac nitasema kwa ufupi: washa Time Machine, bekapu iliyokuja nayo, usitafute zaidi. Ipo tangu 2007. Inatunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, mpaka diski ijae ndipo inafuta za zamani. Inachukua folda zote isipokuwa ulizoziondoa mwenyewe, inaweza kufungwa kwa neno la siri, na ukinunua Mac nyingine inahamishia kila kitu. Nunua diski yenye angalau ukubwa mara mbili wa ile ya ndani. Carbon Copy Cloner ni programu nzuri na watu wa video wanaipenda, lakini iwe ya pili baada ya Time Machine.

Kwenye Ubuntu na ndugu zake, Déjà Dup inatosha kwa mafaili, na Timeshift ni ya kurudisha mfumo ukiharibika baada ya apdeti. Msizichanganye: kwa mipangilio yake ya mwanzo Timeshift haihifadhi mafaili yako ya nyumbani.

Ningekuwekea nini

Mwanafunzi wa chuo, SUA au Mzumbe, mwenye laptopu moja na kazi za kuandika: File History kwenye eksteno ndogo, folda za D ziingizwe kwenye Library, na tasnifu iwe mtandaoni. Usishushe kingine.

Ofisi, duka lenye programu ya hesabu, studio, zahanati: programu ya nje ya diski nzima, angalau mara moja kwa wiki, kwenye diski mbili zinazopokezana, pamoja na flashi ya kuwashia. Halafu File History iendelee kando kwenye diski ya tatu ya bei nafuu kwa ajili ya yale ya "nimefuta asubuhi". Zinafanya kazi pamoja bila kugombana. Mwenye pesa ya diski moja tu, aanze na ya diski nzima, mradi kwanza ajaribu kutoa faili moja ndani yake mpaka mikono izoee.

Kujaribu huko ndiko watu wanakoruka, hata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, mhandisi wake alifuta hifadhidata kuu kwa bahati mbaya. Walikuwa na njia tano za kujihifadhi. Walipozigeukia, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani. Moja ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na la hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla ya ajali. Kama wao walifika hapo, mimi na wewe tuna sababu ya kujaribu kila mwezi.

Mwalimu wa taaluma hakupata alama zake kutoka kwenye diski ile. Zilirudi kutoka kwenye madaftari ya walimu wa masomo, wakikaa jioni kwa jioni kuziandika upya, na za mwaka wa kwanza kati ya ile mitatu hazikukamilika. Nilimwekea SSD mpya, Veeam ya kila Ijumaa, File History yenye folda ya MATOKEO ndani ya Library. Kisha sikumruhusu aondoke. Nikamwambia afute faili moja la Kidato cha Pili, makusudi, na alirudishe mwenyewe bila mimi kugusa kipanya.

Akachomeka eksteno kwenye kompyuta yangu, akaingia folda kwa folda. Akaliona, akasita. Kwenye jina palikuwa na tarehe ya siku hiyo, kisha 09, kisha dakika, kisha UTC.

"Hili silo," akasema. "Linasema saa tatu asubuhi. Saa tatu nilikuwa darasani."

"Hiyo ni saa ya UTC, ya kimataifa, siyo ya kwetu, mwalimu. Ongeza tatu."

Akahesabu kwa vidole juu ya meza. Saa sita mchana. Ni muda uleule aliokuwa amekaa hapo dukani, akijaribu laptopu yake. Akalifungua, akashuka na kipanya mpaka chini kabisa ya orodha, jina kwa jina.